Wikiendi ndefu Unguja: tazama mwezi kwanza, hoteli baadae

Watu wengi wakinipigia huwa tayari wameshachagua hoteli. Wameona picha mtandaoni, bahari ya buluu imejaa mpaka kwenye ngazi za baraza, mnazi umeinama juu ya maji, basi wanataka hapo hapo, tunakuja Ijumaa tunarudi Jumatatu, tupangie. Na mie swali langu la mwanzo huwa si bajeti wala mko wangapi, nauliza hiyo Ijumaa mwezi utakuwa na siku ngapi tangu uandame. Wengi wanashangaa, wengine wanadhani nataka kuwapigia ramli, lakini kwa kazi yangu hii ya kupangia watu safari za ufukweni hilo ndilo swali linaloamua kama utaogelea au utakaa kitandani kwa hasira ukiangalia mchanga.

Sababu ni hii. Zile picha karibu zote zinapigwa maji yakiwa yamejaa, hakuna mwenye hoteli atakayekutumia picha ya maji yametoka. Mtu anayekuja kukaa wiki mbili haimsumbui, atakutana na maji ya kila namna. Lakini wewe una siku tatu tu, na katika hizo siku tatu maji yatakuwa na ratiba moja ambayo haibadiliki sana, kwa hiyo ukiikosea umeikosea safari nzima.

Ratiba yenyewe si ngumu. Bahari yetu inajaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku, kama saa sita hivi kutoka kujaa hadi kupwa, na kila siku inachelewa kwa dakika kama 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu, jua na mwezi vinavuta kwenye mstari mmoja, hapo ndipo tunapata bamvua, maji yanapanda juu sana na kushuka chini sana, bamvua kubwa tofauti inafika karibu mita 4. Mwezi ukiwa nusu tunapata maji mafu, tofauti ni kama mita moja na kitu, bahari inakuwa haina haraka. Sasa hapa ndipo watu wa Bara wanapokosa habari: kwa huku kwetu bamvua siku zote linajaa kwenye saa 10, jioni na alfajiri, na linakupwa kwenye saa 4 au saa 5, asubuhi na usiku. Maji mafu ni kinyume, yanajaa kwenye saa 4 mpaka saa 5 na nusu asubuhi na kukupwa jioni. Ukishajua hilo huhitaji hata programu ya simu, ingawa zipo na nzuri, ukitazama mwezi tu unajua kesho utaoga saa ngapi.

Haya, sasa chukua ratiba hiyo uipeleke Paje, Jambiani, Bwejuu, au ukitaka panda juu mpaka Kiwengwa na Matemwe. Pwani yote ya mashariki ina mwamba mrefu uko mbali kule mawimbi yanapovunjika, na ndani ya mwamba ni uwanda wa mchanga na majani ambao umelala juu juu. Siku ya bamvua ukiamka ukanywa chai ukashuka ufukweni saa 4 asubuhi bahari hakuna. Ngalawa zimelala ubavu mchangani, maji yamebaki kwenye madimbwi ya vuguvugu yanayofika kwenye vifundo vya miguu, na unaona watu wadogo wadogo mbali kabisa wameinama.

Wale watu walioinama wengi ni kina mama wa mwani. Kilimo hicho kilianza kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989 na mpaka leo wanakifanya wanawake zaidi, na kazi yao inafuata bamvua kwa sababu ndipo mashamba yanapotoka majini. Ukikaribia utaona vigingi vimechomekwa mistari mistari, kamba imefungwa kutoka kigingi hadi kigingi, na kwenye kamba vipande vya mwani vimening'inizwa kwa vijikamba vyembamba wanaviita taitai, mkono wa mama unafunga kimoja na kuhamia kingine huku anaongea na mwenzake bila hata kutazama. Ni kitu kizuri kukiona na mie nawaambia wageni wangu watembee waende wakakione, ila pita pembeni usikanyage kamba, hilo ni shamba la mtu, toa salamu, na ukitaka kupiga picha uombe. Mtu akikwambia hapana basi ni hapana.

Kwa hiyo bamvua mashariki si baya, ni suala la kujipanga tu. Asubuhi unatembea kwenda mwambani, mchana unapumzika, saa 8 maji yanaanza kuonekana, saa 9 mpaka saa 11 unaogelea mpaka uchoke maana maji yamekuja mpaka mlangoni. Ule mgahawa maarufu uliojengwa juu ya jiwe pale Michamvi Pingwe ndio unakuonesha hili vizuri, siku ya bamvua unaweza kuingia saa 6 mchana kwa miguu ukila ukatoka saa 10 unaletewa boti. Vaa yeboyebo au kiatu chochote cha plastiki, kuna wale viumbe weusi wa baharini wa miiba mirefu, mwiba wao ukivunjikia mguuni wikiendi imekwisha. Na kiti cha pweza, yule kiumbe wa umbo la nyota, ukikiona kitazame hapo hapo kwenye maji, tafadhali usikinyanyue kwa ajili ya picha, kinaumia na wenzako watakaokuja kesho hawatakikuta.

Lakini nataka hapa unisikilize vizuri, khasa kama una watoto. Unapotembea kwenda mwambani geuka kurudi saa ile ile maji yanapofika mwisho wa kupwa, usingoje mpaka uone yanarudi. Maji hayaji usoni kwako kama watu wanavyofikiria, yanaingia kwanza kwenye mikondo iliyo chini zaidi, na baadhi ya mikondo hiyo iko nyuma yako, kati yako na ufukwe. Wewe bado umesimama pakavu unapiga selfi na nyuma yako kumeshajaa kiunoni. Na hayapandi kwa mwendo mmoja, saa ya mwanzo yanapanda pole pole mtu akajiona ana muda, saa ya tatu na ya nne ndipo yanapokimbia. Nenda na mtu wa kijiji, vijana wanaopeleka watu wapo kila ufukwe, mpe chake, anayajua mashimo yote.

Kama hutaki hesabu zote hizi na unachotaka ni kuoga tu muda wowote unaojisikia, nenda Nungwi au Kendwa. Huku kaskazini hakuna ule uwanda mpana, kina kinaanza karibu, maji yakitoka yanatoka kidogo tu bado unaogelea. Ndio maana kuna watu wengi zaidi na kelele zaidi na bei imepanda, hilo usilalamike, unalipia bahari ya saa zote. Kwa mtu anayekuja siku tatu wakati wa bamvua na hajali utulivu mie ningemwambia Nungwi bila kufikiri mara mbili. Pia jua linazama baharini huku, Paje linazama nyuma yako migombani. Kutembea kwa mchanga kutoka Nungwi hadi Kendwa ni mpaka maji yawe yametoka, siku ya bamvua saa 10 jioni ufukwe sehemu nyengine unamezwa wote. Na mwezi mpevu Kendwa kuna disko kubwa ufukweni, ukiwa na bibi na watoto wadogo chagua wikiendi nyengine.

Sasa ngoja niunganishe na sikukuu, maana wikiendi ndefu karibu zote zinatokana na sikukuu. Sikukuu za Idd zinakwenda kwa mwezi na bahari nayo inakwenda kwa mwezi, kwa hiyo unaweza kujua maji ya Idd ya mwaka wowote. Idd el-Fitri ni mwezi mosi Mfunguo Mosi, yaani Shawwal, mwezi umeandama jana yake, basi kila mwaka ni bamvua, kila mwaka asubuhi ya Idd pwani ya mashariki iko kavu na jioni imejaa tele. Idd el-Haji ni mwezi 10 Mfunguo Tatu, kila mwaka ni maji mafu au yanatoka tu kwenye maji mafu, bahari imejaa kwenye mchana wa saa 5 na nusu hivi na haiendi mbali. Maana yake, familia ikiniuliza Idd ipi tuje Jambiani na watoto nawaambia Idd el-Haji, watoto wanaoga mchana kwenye maji yaliyotulia ndani ya mwamba na mnakula chakula cha jioni maji yakiwa yametoka. Idd el-Fitri nawapeleka Nungwi, au wakae mjini waende Forodhani na viwanja vya sikukuu ambavyo watoto wanavipenda kuliko hata bahari. Maulidi, mwezi 12 Mfunguo Sita, maji yanajaa kwenye saa 7 mchana na bamvua ndiyo linakaribia.

Sikukuu za serikali haziko hivyo, zinaangukia mwezi wowote, hizo itabidi utazame kila mwaka. Ila zina upepo wake na mvua zake. Siku ya Karume 7 Aprili, Muungano 26 Aprili na Mei Mosi zote zinaangukia masika, bei zinashuka, baadhi ya hoteli zinafunga kabisa, na unaweza kupata siku mbili za jua safi au siku tatu za mvua mfululizo. Ukija wakati huo chukua sehemu yenye baraza kubwa na chakula kizuri. Sabasaba na Nanenane ni kusi, hewa ya ubaridi ubaridi, upepo unapiga mashariki moja kwa moja, ndio msimu wa wale wanaoteleza majini wakivutwa na kaiti pale Paje, kama hutaki kuvukwa na kamba za kaiti oga Jambiani au hamia kaskazini. Mapinduzi 12 Januari ni kaskazi, joto, wageni wengi, weka nafasi mapema. Mie ukiniuliza moyo wangu unapenda Siku ya Nyerere, 14 Oktoba, kusi limeshalegea na kaskazi halijaanza, ni tangambili, bahari inalala na maji yanakuwa meupe mpaka unaona chini, kama unataka kwenda kuzamia kisiwa cha Mnemba ni wakati huo. Ramadhani njoo ukipenda, ni mwezi mzuri wa utulivu, lakini mchana usile wala kunywa barabarani na vijijini hutopata pa kula nje ya hoteli.

Usafiri nitapita haraka. Boti ya Dar ni mwendo wa kama saa mbili, usisahau kitambulisho, na msimu wa kusi boti inacheza kwenye mkondo kwa hiyo mwenye kichefuchefu akae nyuma chini. Kutoka mjini gari la abiria la Nungwi ni namba 116, la Jambiani 309, ni nafuu ila yanajaza na kusimama kila kijiji na jioni yanakatika mapema. Teksi panga bei kabla hujapanda. Njia ya Paje inapita Jozani, ukiwa na nusu saa shuka uone kima punju. Kitu kimoja nakataa kabisa nikipanga, kugawa siku tatu kwenye fukwe mbili, utatumia wikiendi kufunga na kufungua mabegi. Chagua upande mmoja, tulia.

Na ukishachagua upande ndiyo sasa uipigie hoteli, na uwaulize mambo haya: maji yakitoka mbele yenu panakuwaje, naomba mnitumie picha ya saa hiyo. Je kuna bwawa? Bei ya mkaazi ni ngapi? Maana bei ya mtandaoni mara nyingi ni ya mgeni na mkaazi ana bei yake asipouliza hapewi. Hoteli ya watu waaminifu itakutumia picha ya maji yametoka bila tabu, na mie hizo ndizo ninazorudi kuwapelekea watu.

Siku ya kuondoka kama boti yako ni ya asubuhi lala mjini usiku wa mwisho, kutoka Nungwi au Jambiani ni zaidi ya saa nzima na siku ya mwisho ya sikukuu barabara ya kuingia mjini na pale bandarini panajaa watu. Tiketi ya kurudi ikate siku ile ile unayokata ya kuja, wakati wa Idd za kurudi ndizo zinazokwisha mwanzo.