Siku 60 za Milimani, kisha nini?

Ukiniuliza ni mageuzi gani ya mahakama yaliyomfaa mwananchi wa kawaida hapa Nairobi, sitaanza na kompyuta. Ni kweli tangu Julai 2020 kesi za Nairobi huwasilishwa mtandaoni, na hilo limepunguza foleni za masijala. Lakini mimi kama wakili nitaanza na Mahakama ya Madai Madogo, iliyofunguliwa katika mahakama za Milimani, hapa Nairobi, Aprili 2021.

Sheria yake ni ya 2016, na marekebisho ya 2020 yakapandisha kiwango cha dai hadi shilingi milioni moja. Kesi husikizwa siku baada ya siku na huamuliwa ndani ya siku 60 tangu iwasilishwe. Kuahirisha ni kwa sababu nzito tu. Aliyewahi kupewa tarehe ya kesi kutajwa tu bila kusikizwa, kisha nyingine, kisha nyingine, anajua uzito wa sharti hilo.

Chukua fundi wa samani wa Gikomba aliyeuundia mkahawa meza na viti. Alipewa malipo ya kwanza, akapeleka mzigo, na salio la shilingi 180,000 likawa njoo kesho. Mkataba wa maandishi hana. Ana jumbe za WhatsApp, picha ya meza zikishushwa kutoka kwa pikapu, na ujumbe wa M-Pesa wa yale malipo ya kwanza. Katika mahakama ya kawaida, asubuhi nzima ingeishia kwenye pingamizi: cheti cha kuthibitisha ushahidi wa kielektroniki, kama hizo jumbe na picha, kiko wapi? Hapa mwamuzi hafungwi na kanuni kali za ushahidi, na fundi anaruhusiwa kujisimamia mwenyewe. Anaeleza, anaulizwa, mwenye mkahawa anajibu. Hivyo ndivyo ninavyokielewa Kifungu cha 159 cha Katiba kinapokataza haki kucheleweshwa au kunyongwa na ufundi wa kisheria.

Kuna jambo linaloniuma. Majaji wa Mahakama Kuu wametofautiana kuhusu hukumu inayotolewa baada ya siku 60, na baadhi yao wameiona kuwa batili. Mdai aliyefika kila siku aliyoitwa anaadhibiwa kwa kuchelewa kwa mahakama! Bunge lifanye marekebisho, liseme wazi kwamba muda huo unambana mwamuzi, na hukumu ibaki halali.

Kazi kubwa zaidi iko kwenye kulipwa. Fundi ameshinda, lakini mkahawa haujatoa hata senti. Sasa atafute amri ya utekelezaji, amlipe dalali, na dalali akifika aambiwe friji ni ya kampuni ya soda na viti vimekodishwa. Wenye mali wanaleta pingamizi, na faili inarudi Milimani. Siku hizo hazihesabiwi popote.

Ningependa mwamuzi, akishasoma hukumu, amgeukie mdaiwa palepale na kumuuliza atalipa lini, kwa awamu ngapi, kutoka akaunti ipi. Majibu yaandikwe kuwa amri. Awamu ya kwanza ikipita bila malipo, masijala yenyewe itoe amri kwa benki, bila ombi jipya wala ada nyingine. Na Idara ya Mahakama inapotangaza idadi ya kesi zilizoamuliwa, itangaze pia ni wadai wangapi waliolipwa.