Pampu za seli: jinsi fangasi anavyofua dawa

Kigombe, kusini mwa Tanga mjini, mvuvi mwenye ngalawa inayovuja akiwa katikati ya maji hahangaiki na tundu. Anashika upo, kata ya kuchotea maji chomboni, na kufua maji, yaani kuyachota na kuyatupa nje. Mkono ukienda kasi kuliko tundu, chombo hakizami.

Baadhi ya fangasi wa jamii ya hamira huishi na dawa vivyo hivyo. Mfano ni Candida albicans, yule wa utando mweupe mdomoni mwa watoto na muwasho ukeni. Flukonazoli hupenya ndani ya seli yake na kukizuia kimeng'enya kinachotengeneza ergosteroli, mafuta yanayoushikilia utando wa seli. Lazima iingie, na ikae ya kutosha.

Sasa, kwenye utando huohuo zimekaa protini ziitwazo visafirishaji. Hizo ndizo upo. Cdr1 na Cdr2 hula nishati ya seli na hazichagui: hutupa nje azoli (dawa za kundi la flukonazoli) za kila aina. Mdr1 huendeshwa na protoni zinazoingia kutoka nje, nayo hushughulika zaidi na flukonazoli.

Watu husema "fangasi amezoea dawa". Mimi neno hilo silipendi. Kila albicans anazo pampu hizi. Tofauti ni wingi wake. Jeni ya Tac1 ndiyo swichi ya Cdr1 na Cdr2. Ikipata hitilafu ndogo, swichi hubaki imewashwa usiku na mchana, na seli hujaa pampu. Dawa ikija, wenye upo mmoja wanalemewa, wenye kumi wanabaki na kuzaana. (Wapo pia wanaobadili kimeng'enya chenyewe, dawa isikishike, na wengine hufanya yote mawili.)

Ndiyo maana kuhama kutoka azoli moja kwenda nyingine mara nyingi hakusaidii: upo ni uleule. Nistatini, yale matone ya njano ya watoto, ni habari nyingine, kwa kuwa hunasa ergosteroli palepale kwenye utando. Kaspofungini nayo huvuruga ujenzi wa ukuta wa seli, na pampu hizi kwa kawaida haziiwezi.

Maabara huziona pampu za Cdr zikifanya kazi kwa kuzilisha seli zenye njaa rangi inayong'aa, rodamini 6G, kisha kuzitilia glukosi. Zikishapata nguvu, zenye pampu nyingi huitema rangi upesi, na maji yaliyozizunguka huanza kung'aa.