Wareno Hawakujenga Mji wa Kale

Juzi tena. Mwalimu mmoja kawapanga wanafunzi wake chini ya roshani pale Ndia Kuu, barabara ya Mji wa Kale wa Mombasa, kawaambia, "Huu ni mji uliojengwa na Wareno." Na watoto wakaandika! Nikamsogelea nikamwambia, "Mwalimu, samahani, roshani hiyo ni mtindo wa Kihindi." Akanijibu kwa upole, "Lakini kaka, Fort Jesus si ya Wareno?"

Ni ya Wareno, ndiyo. Waliianza 1593, mchoro ukiwa wa Cairati, Mtaliano wa Milan. Lakini Ngome ni Ngome na mji ni mji. Msafiri Ibn Battuta alifika Mombasa 1331 akakuta watu na misikiti yao ya mbao, zaidi ya miaka 250 kabla jiwe la kwanza la Ngome halijalazwa. Wareno wenyewe wakiongozwa na Almeida waliuchoma mji huu 1505, wakarudi kuuchoma 1528. Mtu hachomi mji ambao bado haujajengwa. Ni kweli baadaye walikuwa na makazi yao huku Ndia Kuu, hilo sikatai. Ila nyumba unazopiga picha leo si zile.

Sasa hapa ndipo penye kunikera zaidi, maana hata anayekubali kwamba mji ni mkongwe kuliko Ngome hurukia upande wa pili, akadhani kila ukuta una miaka 500. Mji ni mkongwe, nyumba nyingi zilizosimama ni changa. Sehemu kubwa ni za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, biashara ilipochangamka, na wafanyabiashara wa Kihindi, wengi wao wenye asili ya Gujarat, wakawa wanajenga duka chini, makazi juu. Roshani za mbao zenye nguzo nyembamba na kingo za nakshi ya kutobolewa zilishamiri wakati huo. Wareno walikuwa wameshang'olewa Ngomeni tangu 1698. Hata Muyaka bin Haji, mshairi wetu aliyefariki karibu na 1840, roshani nyingi hizi hakuziona.

Ukitaka kujua umri wa nyumba, usitazame roshani. Omba ruhusa, ingia ndani, tazama juu. Dari ya kale imelala juu ya boriti za mikoko, na boriti haiendi mbali. Ukiitaka ivuke zaidi ya mita 3 hivi, itapinda kwa uzito wa mawe na chokaa. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba ya Kiswahili ni virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine. Ukiingia chumba kipana ukakuta mihimili mikubwa iliyopasuliwa kwa msumeno, ujue umehama zama. Na ziko nyumba zenye zama zote mbili: nyuma boriti, mbele roshani iliyoongezwa juu ya ukuta wa zamani. Nyumba kama hiyo utasema ni ya Kihindi au ya Kiswahili? Mimi husema ni ya Mombasa, na najua jibu hilo haliwatoshi wengine.

Ufa nao hudanganya. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua. Ukipakwa saruji, unyevu na chumvi hukwama ndani, plasta ikabambuka na jiwe likaanza kumeguka. Mgeni akiona hivyo husema, "Lo, ukuta wa kale kweli!" Hapana, huo ni ugonjwa wa saruji, na naumia kila nikiona fundi anachanganya mfuko mwingine.

Msikiti wa Mandhry hutajwa kuwa wa 1570 na mimi hutaja mwaka huo huo. Naongeza tu kwamba ni umri wa msikiti, si wa kila jiwe, kwa kuwa mahali panaposaliwa kila siku hukarabatiwa. Milango ya nakshi ndiyo yenye kunitia shaka. Watembezaji wenzangu wana maelezo tayari: mnyororo ni utumwa, samaki ni uzazi, misumari ya shaba ni ya kuzuia ndovu. Ndovu gani apite vichochoro vya Kibokoni? Nakshi nyingine naamini fundi aliichonga kwa sababu ilimpendeza mwenye nyumba, basi.

Na wanaosema mji ni wa Waarabu, nao wapunguze. Waomani walitawala, ukoo wa Mazrui ukatawala mpaka 1837, lakini chini yao walikuwako Thenashara Taifa, yaani yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, Tisa (taifa tisa) na Thalatha (taifa tatu), wenye wazee wao na mitaa yao. Ukiwaruka hao, Mswahili anakuwa mgeni barazani kwake.

Ndiyo maana mimi sianzii Ngomeni. Tunatoka sokoni Marikiti, tunashukia Bandari ya Kale, tunapita Mandhry, halafu Ndia Kuu, na Ngome inakuwa ya mwisho. Kufikia hapo mgeni ameshayagusa matumbawe ya kutosha, akiyaona kwenye kuta za Ngome anayatambua mwenyewe: mchoro wa Mtaliano, amri ya Mreno, jiwe la hapa hapa. Maswali ya Wareno mahali pake ni hapo, na hapo nitayajibu hata saa nzima.