Macho yakigeuka manjano, maji yaliyokuumiza ulishayanywa zamani

Kazi yangu ni maji na vyoo, na nimezunguka sana vijiji vya kando ya Mto Tana. Kila mahali naulizwa swali lilelile, haya maji wamekunywa babu zetu, mbona leo yatudhuru? Ni swali la haki kabisa, na jibu lake linaanzia kwenye muda.

Homa ya ini aina ya E (na A pia) inatoka kwenye kinyesi inaingia mdomoni. Zile B na C ni za damu, na B ni ya ngono pia, hizo hazihusiani na mto. Nalisema hili kwa sababu nishaona mama ana macho ya manjano na mumewe ashaanza kumshuku, nyumba inawaka moto kwa ajili ya maji ya kunywa jamani.

Sasa huyu kirusi wa E ukimmeza hakuangushi kesho, anaweza kukaa wiki 2 mpaka 10 ndo mkojo uanze kuwa kama chai ya rangi na macho yageuke. Yaani mto ulifurika ukaingia vyooni, maji yakashuka, matope yakakauka, watu wakasahau, halafu ndo wagonjwa wanaanza kumiminika zahanati na mto uko safi unang'aa. Nani atakumbuka mafuriko?

Delhi, India, iliwakuta hivyohivyo mwaka 1955. Mto Yamuna ulifurika, maji taka yakarudi nyuma mpaka pale mji unapovutia maji ya kunywa, mafundi wakaliona wakaongeza klorini. Kipindupindu hakikuja, taifodi haikuja, watu wakashusha pumzi. Wiki kama sita baadaye mji ukajaa manjano, karibu watu 29,000. Klorini iliua bakteria, kirusi akapenya. Ndo maana hapa kwetu maji yakiwa na tope nasema kwanza yaache yatulie, uyachuje kwa kitambaa, halafu yachemshe mpaka yatokote kwelikweli, kidonge cha maji (ni klorini hiyohiyo) ukikitia kwenye tope kinapigana na tope, hakimfikii kirusi.

Lakini kitu kilichonibadilisha mimi ni Kitgum, kaskazini mwa Uganda. Mlipuko ulianza 2007 kwenye kambi za waliokimbia vita, ukapita wagonjwa 10,000, vifo 160. Maji yaliboreshwa, vyoo vikajengwa, na bado wagonjwa wakawa wanakuja. Watafiti walipoingia majumbani kumbe waliougua wengi walikuwa wananawa mikono kwenye beseni moja, na maji ya kunywa wanaweka kwenye chombo chenye mdomo mpana.

Hilo beseni nalijua, nawe unalijua. Msibani linazunguka kabla ya chakula, wa kwanza kunawa ni mzee, linafika kwa watoto maji yashakuwa ya kijivu, kila mtu ametoa uchafu wake humo na kuchukua wa mwenzake, halafu mkono moja kwa moja kwenye sinia. Tunaona tumenawa.

Na anayeumia zaidi ni mjamzito. Watu wengi wanapona wenyewe, ila mama wa miezi mitatu ya mwisho akiugua E, kati ya wanawake 100 wa hali yake wanaweza kufa 20 mpaka 25. Kwa hiyo mjamzito mwenye macho ya manjano asikae nyumbani na mizizi ya kuchemsha, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Chanjo ipo, China waliiidhinisha 2011, na mwaka 2022 kule Bentiu, Sudan Kusini, ilitumika kwa mara ya kwanza kupambana na mlipuko, na wajawazito walichanjwa pia. Huku kwetu bado haijafika kwenye zahanati za mtoni.

Kwa sasa kuna jagi na sabuni. Nyumba moja nilikorudi mwezi uliopita, bibi wa pale alishaacha kunawia ndani ya beseni, sasa linapokea tu maji yanayomiminwa. Mjukuu wake wa miaka saba ndo anazunguka na jagi anamimina, na ukikunja vidole upesi anakwambia, "bado, sabuni haijatoka."