Pamba hai: marobota yanafanana, karatasi ndizo zinazotofautiana

Weka sakafuni marobota mawili ya pamba nyuzi, moja la kilimo hai na jingine la kawaida. Shika, nusa, vuta nyuzi upime urefu: hutaona tofauti. Maabara inaweza kubaini mbegu zilizobadilishwa vinasaba (GMO), lakini haiwezi kuthibitisha kwamba shamba zima lilitunzwa kwa misingi ya kilimo hai. Kwa hiyo mnunuzi wa pamba hai hununua nyuzi pamoja na kumbukumbu zake.

Kumbukumbu hizo huanzia shambani, ambako viuatilifu vya viwandani, mbolea za chumvichumvi na mbegu za GMO haviruhusiwi. Adui anayeogopwa zaidi ni funza wa vitumba. Hutoboa kitumba kichanga na kula ndani. Ukikipasua unakuta kinyesi kibichi na mbegu zilizoliwa. Wakulima wengi hupanda mistari ya alizeti katikati ya pamba ili nondo wavutiwe kutaga huko, na wadudu rafiki nao wapate makazi. Juu ya hapo kuna dawa ya mwarobaini, samadi, kupokezana mazao na mikunde, na macho: kupita shambani kila mara kukagua majani. Kuvuna nako kuna masharti. Kemikali za kupukutisha majani kabla ya mashine kuingia ni marufuku, hivyo pamba huchumwa kwa mkono, au, kama huko Texas, husubiriwa baridi kali iyakaushe majani.

Mtihani mkubwa ni kipindi cha mpito, miaka 2 hadi 3. Mkulima ameshaacha dawa, mavuno mara nyingi yameshuka, na pamba yake bado haiuzwi kama hai. Wengi huishia hapo. Mnunuzi anayedai pamba hai leo, ilhali ya mpito aliikataa jana, anataka kuvuna asichopanda. Si ajabu pamba hai bado ni sehemu ndogo sana ya pamba yote duniani.

Kwenye kiwanda cha kuchambua, mashine husafishwa kabla ya mzigo wa pamba hai kuingia, na kila robota hupewa lebo yake. Kila mauzo yanayofuata huambatana na cheti cha muamala kinachotaja uzito wa pamba iliyouzwa. Mkaguzi hapo hufanya hesabu ya kawaida tu: tani 100 za pamba mbegu, yaani pamba ambayo bado ina mbegu zake, hutoa takriban tani 35 hadi 40 za nyuzi. Ukitangaza 60, tuna mazungumzo marefu. Mwaka 2020, waendeshaji wa GOTS, kiwango cha kimataifa cha nguo za nyuzi hai, walitangaza kugundua tani 20,000 za pamba nchini India zilizopewa vyeti vya uongo.

Tahadhari nyingine ni lile dai kwamba pamba hai huokoa asilimia 91 ya maji. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitokana na kulinganisha mashamba ya mvua na ya umwagiliaji. Shamba la mvua hutumia maji kidogo ya mito na visima, liwe hai lisiwe hai.

Kwenye nguo, neno “hai” peke yake halitoshi. GOTS hudai angalau asilimia 95 ya nyuzi hai kwa daraja la juu na 70 kwa la pili, na hukagua pia rangi, majitaka ya kiwanda na hali ya wafanyakazi. Lebo yake hutaja mthibitishaji na nambari ya leseni. Iingize nambari hiyo kwenye hifadhidata yao ya wazi. Isipoonekana, muulize muuzaji aliipata wapi.