Je, wajua kwa nini kumkabidhi mshukiwa mmoja kwa taifa la nje hugeuka ugomvi wa makabila nchini Kenya?

Ombi la kutaka mshukiwa akabidhiwe kwa taifa la nje huwa na jina la mtu, orodha ya makosa na rundo la hati za kiapo. Kabila halimo. Hata hivyo, mshukiwa akiwa mtu mwenye jina nchini Kenya, wiki haiishi kabla viongozi wa kwao hawajapanda jukwaani kusema jamii yao inalengwa, nao wapinzani wao wakajibu kwamba kila mtu abebe mzigo wake. Yote hayo hutokea hakimu akiwa hajafungua faili.

Sababu kubwa ni kwamba ngao iliyowekwa na sheria imeelekezwa upande mmoja, na hofu ya watu iko upande mwingine. Sheria inamlinda mshukiwa dhidi ya ubaguzi wa nchi inayomtaka. Lakini mkazi wa Eldoret, Kisumu au Nyeri haogopi kwamba mwendesha mashtaka wa ng'ambo analichukia kabila lake. Huenda mwendesha mashtaka huyo hajawahi hata kulisikia. Anachouliza ni kwa nini Nairobi imemtoa huyu na kumwacha yule. Swali hilo ni halali, na sheria zetu za kukabidhi washukiwa hazina mahali pa kulijibu.

Tuanze na mamlaka ya taifa, maana hapo ndipo hotuba nyingi hupotosha. Kumkabidhi mshukiwa si kusalimu amri. Hakuna nchi inayolazimika kumtoa mtu aliye ndani ya mipaka yake ila iwe imekubali kwa mkataba au kwa sheria yake yenyewe, na kukubali huko ndiko kutumia mamlaka. Kenya ina sheria mbili kuu za miaka ya 1960: Sura ya 77 kwa nchi za Jumuiya ya Madola, na Sura ya 76 kwa mataifa mengine na kwa majirani. Baadhi ya mikataba ni mikongwe zaidi. Ule unaotumika kati ya Kenya na Marekani ulitiwa saini mwaka 1931 kati ya Uingereza na Marekani, nasi tukaurithi baada ya uhuru. Orodha yake ya makosa iliandikwa kabla ya kompyuta, ndiyo maana wizi wa mtandaoni hulazimika kuvishwa jina la ulaghai au kughushi ili ombi lisimame.

Safari yenyewe huenda hivi. Ombi huja kwa njia ya kibalozi na kupokelewa na serikali. Hutolewa hati ya idhini ya kuendelea, kisha hakimu anatoa kibali cha kumkamata mshukiwa. Kukiwa na haraka, kibali cha muda kinaweza kutangulia hati zote. Akishakamatwa, Katiba inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24.

Hakimu haulizi kama mtu huyo ana hatia. Anauliza kama aliye kizimbani ndiye anayetajwa kwenye ombi, kama kosa lenyewe ni kosa kwa sheria za pande zote mbili, na kama ushahidi ulioletwa ungetosha kumfungulia kesi lau kosa lingetendwa Kenya. Akiridhika, anaamuru mshukiwa azuiliwe akisubiri kukabidhiwa. Hapo huanza siku 15 ambazo hawezi kuondolewa nchini, ili apate nafasi ya kwenda Mahakama Kuu kupinga uhalali wa kuzuiliwa kwake. Baada ya hapo serikali ndiyo hutoa amri ya mwisho, na ikikaa miezi miwili bila kumwondoa, anaweza kuomba aachiliwe. Nchi inayompokea nayo hufungwa na sharti moja: imshtaki kwa makosa yaliyotajwa kwenye ombi, isimwongezee mengine baada ya ndege kutua.

Hebu tazama jinsi safari hiyo ilivyopangwa. Mwanzo wake uko mikononi mwa serikali, katikati yake mikononi mwa mahakama, na mwisho wake unarudi serikalini. Katikati kunafanyika hadharani na hukumu huandikwa. Mwanzo na mwisho hufanyika ofisini. Ukabila hupenya kwenye ncha hizo mbili.

Kesi iliyoonyesha uzito wa jambo hili zaidi ni ile ya waziri wa zamani Chris Okemo na Samuel Gichuru, aliyekuwa mkurugenzi wa kampuni ya umeme, waliotakiwa na Jersey, kisiwa kinachojitawala chini ya Taji la Uingereza, kwa madai ya rushwa na utakatishaji wa fedha. Ombi lilifika Kenya mwaka 2011. Kilichofuata hakikuwa ubishi kuhusu pesa bali kuhusu saini: nani ana mamlaka ya kuanzisha kesi ya aina hii, Mwanasheria Mkuu au Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma? Sheria za miaka ya 1960 zilimtaja Mwanasheria Mkuu, kwa kuwa wakati huo ndiye aliyekuwa pia mwendesha mashtaka. Katiba ya 2010 ikazitenganisha kazi hizo mbili bila mtu kuzirekebisha sheria za zamani. Mahakama ya Rufaa ilisema mwaka 2018 kwamba mamlaka ni ya Mwanasheria Mkuu. Mahakama ya Juu ikaligeuza hilo mwaka 2021: kesi hizi ni za jinai, na anayezianzisha ni Mkurugenzi wa Mashtaka.

Miaka 10 kwa saini. Wengi waliuona huo kuwa mchezo wa mawakili, lakini mimi naona swali lilistahili kuulizwa. Mwanasheria Mkuu huketi kwenye baraza la mawaziri. Mkurugenzi wa Mashtaka, kwa Kifungu cha 157 cha Katiba, hahitaji ruhusa ya mtu yeyote kuanzisha kesi, wala hapokei maagizo. Katika nchi ambayo baraza la mawaziri husomwa kwa kuhesabu nani ametoka wapi, tofauti kati ya kalamu hizo mbili ndiyo tofauti kati ya uamuzi wa kisheria na uamuzi unaoonekana kuwa wa kisiasa.

Ucheleweshaji ni kosa la kwanza la serikali. La pili ni njia ya mkato, nalo lina madhara makubwa zaidi. Ndugu wawili wa familia ya Akasha walikamatwa Mombasa Novemba 2014 kwa ombi la Marekani kuhusu dawa za kulevya. Kesi ya kuwakabidhi ilikuwa bado haijaisha Januari 2017 walipotiwa kwenye ndege kwenda New York. Huko walikiri makosa, mmoja akafungwa miaka 25 na mwingine 23. Wapo wanaosema mwisho huo unahalalisha njia. Hapana. Mahakama ilipovukwa, ilipotea nafasi pekee ya kuwaonyesha watu wa Pwani kwamba ushahidi ulipimwa na hakimu wa Kenya kabla ya uamuzi.

Haikuwa mara ya kwanza. Baada ya mabomu ya Kampala ya Julai 2010, Wakenya kadhaa Waislamu walivushwa mpaka hadi Uganda bila kufikishwa mbele ya hakimu. Kinachouma zaidi ni kwamba njia halali ya kwenda Uganda au Tanzania ni fupi mno: kibali kilichotolewa na mahakama ya huko huidhinishwa na hakimu wa hapa, bila mzunguko mrefu wa kibalozi. Polisi waliacha hata hiyo. Mwaka 2021 Nnamdi Kanu, kiongozi wa vuguvugu la kutaka Biafra ijitenge na Nigeria, alichukuliwa Nairobi akajikuta mahakamani Abuja. Miaka minne baadaye Mahakama Kuu ya Kenya ilisema haki zake za kikatiba zilikiukwa. Mzozo wa kikabila wa Nigeria ulikuwa umeletwa ndani ya nyumba yetu, nasi tukashiriki bila karatasi hata moja.

Sasa kwa nini jambo hili hugeuka la kabila, si la mkoa, dini au tabaka tu? Tazama hesabu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6. Wakikuyu, walio wengi kuliko wote, walikuwa milioni 8.1, yaani takriban asilimia 17. Waluhya milioni 6.8, Wakalenjin 6.4, Waluo 5.1, Wakamba 4.7. Katiba inamtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote na angalau asilimia 25 katika kaunti zisizopungua 24. Hakuna jamii inayofika huko peke yake, kwa hiyo urais hupatikana kwa muungano, na muungano hujengwa na vigogo wachache wanaoaminiwa kubeba kura za kwao. Ukimwondoa kigogo mmoja nchini, hujamgusa mshukiwa tu. Umeondoa mguu mmoja wa meza. Wafuasi wake wanalijua hilo, na wapinzani wake pia.

Hayo yalionekana wazi katika kesi za ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Kwa usahihi, kumpeleka mtu ICC si sawa na kumkabidhi kwa taifa jingine. Mkataba wa Roma, ulioianzisha mahakama hiyo, wenyewe unatofautisha mambo hayo mawili, kwa kuwa ICC si dola ya kigeni bali mahakama ambayo Kenya ilijiunga nayo mwaka 2005. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kimataifa ya 2008, ombi la ICC huenda kwa waziri kisha kwa jaji wa Mahakama Kuu, si kwa hakimu. Jukwaani, tofauti hiyo haikutajwa kamwe.

Zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyozichunguza ghasia hizo, ilipendekeza mahakama maalumu ya hapa nyumbani. Februari 2009 muswada wa kuiunda ulipata kura 101 za ndiyo na 93 za hapana, ukaanguka kwa kukosa theluthi mbili. Wabunge waliokuja kulia kuhusu uhuru wa taifa ndio waliokuwa na nafasi ya kuulinda siku hiyo. ICC huingia pale tu taifa linaposhindwa au linapokataa kushtaki, na Bunge liliufungua mlango huo kwa kura yake.

Desemba 2010 mwendesha mashtaka wa ICC Luis Moreno Ocampo alitaja watu sita, watatu kutoka kila upande wa kisiasa. Pengine alitaka kuonekana mwadilifu, lakini kwa kugawa sawasawa alithibitisha kwamba pande zinahesabiwa. Waliitwa kwa hati za wito, si za kukamatwa, wakaenda wenyewe Aprili 2011. Hakuna aliyekabidhiwa. Machi 2013 wawili kati yao, Uhuru Kenyatta na William Ruto, ambao jamii zao zilikuwa zimeumizana vibaya Bonde la Ufa, walishinda urais kwa tikiti moja, wakiwa na asilimia 50.07 ya kura. Kesi iliyokusudiwa kutenganisha watu na makosa ya viongozi wao ikawa gundi ya muungano.

Oktoba 2014 Kenyatta alipolazimika kufika The Hague, alimwachia Ruto madaraka kwa muda, ili anayeketi mbele ya majaji awe Uhuru raia na si Rais wa Jamhuri. Kisheria hakuhitaji, maana Kifungu cha 143 kinasema kinga ya rais haizuii mashtaka ya mkataba unaoikataza kinga hiyo. Kisiasa, ilikuwa njia ya kuiambia nchi kwamba mamlaka ya taifa hayakupelekwa kizimbani. Mashtaka yake yaliondolewa Desemba hiyo, na ya Ruto yakasitishwa Aprili 2016. Mashahidi kadhaa walikuwa wamejiondoa au kubadilisha maelezo yao.

Turudi kwenye ngao ya kisheria. Sheria inamruhusu hakimu kukataa ombi likiwa limeletwa ili kumwadhibu mtu kwa sababu ya rangi, dini, uraia au maoni yake ya kisiasa, au ikiwa atanyimwa haki kwa sababu hizo. Yote yanaihusu nchi inayomwomba. Wakili anayetaka kudai kwamba Kenya yenyewe imemchagua mteja wake kwa kabila lake hana budi kwenda Mahakama Kuu kwa Kifungu cha 27, kinachokataza ubaguzi kwa asili ya kikabila, na Kifungu cha 157(11), kinachomtaka Mkurugenzi wa Mashtaka ajali maslahi ya umma na aepuke matumizi mabaya ya sheria.

Huko hotuba za mazishini hazisaidii. Anatakiwa kuonyesha mtu mwingine mwenye ombi kama hilo, kosa la uzito uleule na ushahidi wa kiwango kilekile, ambaye faili yake imelazwa. Ili kufanya hivyo anahitaji tarehe tatu kwa kila ombi: siku lilipopokelewa, siku lilipofika kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, na siku amri ya mwisho ilipotiwa saini. Anaweza kuziomba kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, na ofisi inayoombwa ina siku 21 za kujibu. Sheria hiyohiyo inaruhusu kunyimwa taarifa zinazogusa usalama wa taifa na uhusiano na nchi za nje, na barua kati ya serikali mbili kuhusu mshukiwa huangukia humo kwa urahisi. Tarehe tatu bila majina wala ushahidi hazingemdhuru mpelelezi yeyote, na zingemwezesha hata mwananchi wa kawaida kuona ni maombi gani yaliyoshughulikiwa kwa mwezi mmoja na ni yapi yamelala miaka saba.