Hajasamehewa, Amepigwa Msasa Tu

Juzi nimetumiwa ile picha tena. Dubu wa pinki, yule Lotso, adui wa filamu ya katuni ya Toy Story 3, kakalishwa rafuni akiwa mdoli wa dukani, macho yake yamezungushiwa duara jekundu, na chini pameandikwa: mtazameni usoni, hata waliomtengeneza wanajua alionewa. Aliyenitumia ni rafiki yangu wa siku nyingi, mtu mzima na akili zake, na alitaka nipige muhuri kwa sababu mimi ndiye "mtu wa midoli". Mara ya kwanza picha hii iliponifikia nilijibu kwa upole. Mara ya pili nilicheka. Safari hii najibu kwa kirefu, na anisamehe.

Kazi yangu ni kuchonga sampuli. Ukimwona mhusika wa katuni amesimama ndani ya boksi lenye dirisha la plastiki, jua kuna mtu alimfinyanga kwanza, kwa udongo au kwa kompyuta, kabla kalibu, lile umbo la kumiminia plastiki, haijakatwa. Maadui ndio ninaowagombania tukigawana kazi. Steringi ni kidevu, nywele na meno, siku mbili umemaliza. Adui ana pua.

Basi tuanze na kitu ambacho wasomaji wa nyuso za rafuni hawakijui kabisa: msasa.

Wachoraji wa katuni wana alfabeti yao ya maumbo. Duara ni mtu wa kukumbatiwa, mraba ni mtu wa kutegemewa, pembetatu ni mtu wa kuogopwa. Si sheria, ni mazoea, ila ni mazoea ya zamani na yamekaa. Mtazame Maleficent, mchawi wa filamu ya Sleeping Beauty ya mwaka 1959, alivyobuniwa na mchoraji wa Disney, Marc Davis: pembe mbili kichwani, kola yenye ncha, joho lililochanika pembeni kama ndimi za moto, kidevu cha kuchomea barua. Huhitaji kusikia neno lake hata moja. Mwili mzima umeandikwa "hatari" kwa herufi za pembetatu.

Sasa mpeleke mama huyo maabara ya ukaguzi wa midoli. Marekani, mdoli unaokusudiwa mtoto aliye chini ya miaka 8 hupimwa ncha zake kwa kifaa maalumu. Pembe ikiwasha taa ya kifaa, umefeli, rudi mezani. Ukiwa wa mtoto aliye chini ya miaka 3, kipande chochote kinachong'oka hutumbukizwa kwenye kopo dogo lenye kipenyo cha milimita 31.7, na kikiingia chote, umefeli tena, maana ndivyo kitakavyoingia kooni. Kwa hiyo pembe nazifanya fupi, nene, za plastiki laini. Kola naikunja. Kucha nazigeuza kuwa vidole vya kawaida. Kidevu kinapigwa msasa hadi kinakuwa cha jirani. Yaani herufi zilezile zilizoandika ubaya wake ndizo ninazolipwa kuzifuta, moja baada ya nyingine, na akitoka hapo anafanana na shangazi aliyekuta kiti chake kimekaliwa.

Halafu mtu anamtazama na kusema: kumbe alikuwa mpole.

Nenda kwenye rafu ya juu uone maajabu. Huko wako wale wa wakusanyaji, boksi lao limeandikwa kwamba si la watoto, na pembe zimerudi, kidevu kimerudi, jicho linakutazama kama deni. Mhusika ni yuleyule. Kwa mantiki ya ile picha, mwanamke huyu ana hatia rafu ya juu na hana hatia rafu ya chini.

Hilo ni la ncha. Nyusi ni balaa jingine, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo ninapoumia.

Mdoli wa manyoya hauchongwi, unashonwa. Uso unadariziwa kitambaa kikiwa bapa, ndipo kinaunganishwa na kujazwa pamba. Mwaka mmoja nilipewa mbwamwitu, adui wa wazi kabisa, na mwongozo wake ulitaka nyusi zilizoshuka katikati kwa hasira. Tukazidarizi vizuri. Kwenye meza, kitambaa kimelala, ungeapa mnyama yule anataka kula mtu. Pamba ikajazwa. Paji likavimba, mshono wa katikati ukavuta ngozi juu, na ncha za ndani za nyusi zikapanda kama milimita mbili hivi. Milimita mbili ndiyo tofauti ya "nitakukomesha" na "mbona umeniacha". Tulipomweka wima, mbwamwitu wetu alikuwa anakaribia kulia. Tukapunguza pamba, kichwa kikasinyaa. Tukashusha mchoro wa nyusi, zikaingia machoni. Mzunguko wa nne mwenye haki ya mhusika akasema inatosha, na mbwamwitu akaenda sokoni na huzuni yake yote. Huzuni ya pamba. Hakuna mwandishi wa hadithi aliyehusika hata chembe. Miezi michache baadaye nikasoma mashabiki wakijadiliana jinsi "walivyomwonyesha na majeraha yake ya moyoni". Majeraha gani, jamani? Ni gramu kadhaa za pamba!

Macho nayo yana kesi yake. Kwa kanuni za Ulaya, jicho lililobandikwa kwenye mdoli wa mtoto mdogo huvutwa kwa nguvu ya niutoni 90, sawa na kulining'inizia mzigo wa kilo 9 hivi, na halitakiwi kuchomoka. Wengi huamua kulidarizi jicho ili waepuke balaa. Jicho la uzi halina mng'ao wala kope ya kushuka. Yule adui aliyekuwa akikutazama filamuni kwa kope nusu, mwenye dharau, sasa amekodoa kama aliyeamshwa usiku.

Kuna pia sababu ya makusudi, na hii siionei aibu. Mdoli wa kuchezea hautakiwi kumaliza hisia zake usoni. Mtoto atamtaka acheke, dakika hiyohiyo alie, kisha alale. Ukimchonga amekenua meno, atakenua hata akizikwa. Kwa hiyo tunatafuta uso wa katikati, uso unaosubiri, na uso unaosubiri ukiutazama muda mrefu unaona kile ulichokuja nacho.

Na wakati mwingine boksi linadanganya kwa sababu filamu yenyewe inadanganya. Hans wa Frozen, filamu ya 2013, aliuzwa akiwa mwana wa mfalme mwenye tabasamu safi. Ubaya wake unafichuliwa filamu ikielekea mwisho. Mlitaka boksi liandikwe nini, "msaliti, umri miaka 3 na kuendelea"? Bado nakutana na watu wanaoshika ule mdoli kama hati ya mahakama.

Haya, tumrudie dubu.

Lotso ni wa Toy Story 3, filamu ya mwaka 2010. Sikumfanyia kazi mimi, nasema kama mtu wa fani tu. Lotso ni mgumu kwa wasomaji wa nyuso kwa sababu hakuandikwa kwa pembetatu kabisa. Ni maduara matupu: tumbo duara, masikio duara, pua duara, sauti ya babu mpole aliyopewa na Ned Beatty, na ananukia stroberi. Si kwamba wabunifu walimwonea huruma. Ulaini ndio mtego wenyewe. Wale wanasesere wanapofika kituo cha watoto wanamkimbilia kwa sababu amefanana na kumbatio, na ndani ya siku moja wako kifungoni. Anayesema "mtazame usoni, hawezi kuwa mbaya" anarudia kosa lao neno kwa neno, na yeye ameshaiona filamu!

Tazama pia manyoya. Lotso wa filamuni amechakaa, manyoya yamegandamana, rangi imefifia, anachechemea na gongo. Wa dukani ni msafi, pinki inawaka, na yapo matoleo yaliyotiwa harufu ya stroberi kabisa. Sasa kumbuka kisa chake. Daisy, mtoto aliyekuwa naye, alimsahau safarini. Lotso akatembea hadi nyumbani, akachungulia dirishani, akaona Daisy amenunuliwa dubu mwingine wa aina yake, mpya. Hapo ndipo alipoharibika. Basi dubu msafi, mpya, anayenukia, aliyetoka kwenye boksi akiwa sawasawa na mwenzake wa rafu ya pili, ni nani?

Ni yule wa dirishani. Ndugu yangu, hukumnunua Lotso. Umemnunua dubu aliyemrithi, na kweli hana hatia, hajawahi kufanya lolote. Ndiyo maana uso wake umetulia.

Nilipomweleza rafiki yangu hili alinyamaza kama dakika, kisha akasema, "Lakini bado hakueleweka." Neno hilo ndilo linalonitoa povu. Hakueleweka na nani? Filamu imesimama, ikampa mcheshi mzima wa sarakasi asimulie historia yake, na mvua juu. Tunamwelewa Lotso kuliko karibu kila mwanasesere mwingine mle. Asiyeeleweka ni yule tuliyemdhania hivi akawa vile. Huyu tunajua alivyoumizwa, tunajua na alichokifanya baada ya hapo: alimburuta mwenzake, yule mtoto mchanga wa plastiki, akamwambia wote wameachwa, ilhali aliyebadilishwa ni yeye peke yake. Huo ni uongo aliouchagua akiwa na akili timamu.

Na kuna kitufe. Watu wa "alionewa" huruka kitufe kila mara, sijui wanakwenda chooni dakika hiyo. Woody na Buzz, wanasesere wakuu wa filamu, wamerudi kumwokoa Lotso asisagwe na mashine ya taka, kisha wote wanapelekwa na mkanda kuelekea kwenye tanuri. Lotso anaona kitufe cha kuzima. Anaomba asukumwe juu ya ngazi. Wanamsukuma. Anafika, mkono uko karibu nacho, anawatazama waliotoka kumwokoa, na anaondoka zake. Kama ningeombwa kuchonga Lotso mmoja tu maishani, ningemchonga hapo, kageuza shingo, mgongo nusu. Hakuna atakayemnunua. Adui wa kugeuza mgongo hauziki.

Nina mashaka yangu, na afadhali niyaseme mwenyewe kabla hamjanikumbusha. La kwanza: nazungumza kana kwamba mhusika ana ukweli mmoja umefungiwa sandukuni mwa mwandishi, na hilo si kweli hivyo. Elsa wa Frozen alianza kuandikwa kama adui. Ulipotungwa wimbo wake mkubwa, hadithi ikageuzwa ili imfuate. Maleficent alikaa mbaya miaka 55, kisha 2014 akapewa filamu yake na sababu zake na mbawa zilizokatwa. Katika miaka hiyo yote pembe zake zilipambwa kwenye vikombe, fulana na midoli ya kila saizi. Je, watu walimzoea kwa sababu sisi tulimpiga msasa, ndipo filamu ya huruma ikawezekana? Nikisema hapana nitakuwa najitetea. Nikisema ndiyo nitakuwa najipa ukubwa. Siku nyingine nalala na jibu hili, siku nyingine na lile.

La pili linanihusu zaidi. Kuna adui mmoja, simtaji, ambaye nilimnyanyua nyusi kidogo kwa makusudi. Mwongozo haukutaka, maabara haikutaka, pamba haikuwepo, alikuwa wa plastiki. Nilimfinyanga wiki tatu, uso wake karibu na wangu kama kitabu, na ikafika mahali nikashindwa kumwacha na ule uso aliopangiwa. Hakuna aliyegundua. Akapita. Kwa hiyo huenda mahali fulani yuko shabiki amezungushia duara nyusi zile na kusema "waliomtengeneza wanajua", na kwa mdoli huo mmoja atakuwa amesema kweli, japo aliyejua ni mtu mmoja mwenye usingizi, na hakuwa na mamlaka yoyote juu ya hadithi.

Msizungushie wengine wote duara kwa sababu yangu.

Rafiki yangu ameshajibu, kwa njia. Ametuma picha ya dubu wake, amemgeuza atazame ukutani, na swali moja: "Hivi je?" Sijamjibu. Mezani kwangu kuna mchawi aliyerudishwa kwa mara ya tatu, ana kikaratasi shingoni kinachosema pembe ya kushoto bado inachoma, na gari la sampuli linapita saa kumi. Sijui msasa nimeuweka wapi.